Leza Kizuizini

Anatole alijaliwa akili zote isipokuwa ile ya kutulia. Shemeji yake Dorothée, mwalimu wa fizikia aliyekuwa akirudi shuleni kwake Fizi kwa pikipiki ya Anatole, alimpa kalamu ya leza amshikie huku akitafuta karatasi zake za safari. Badala ya kushika, yeye akabonyeza. Nukta nyekundu ikatua kifuani mwa askari wa kizuizi, nje kidogo ya Mboko. Miaka ile ya vita nukta kama hiyo haikumchekesha mtu. Kufumba na kufumbua Anatole alikuwa chini karibu na pikipiki yake, mikono imefungwa kwa kamba ya mbuzi.

"Hii ni ya kulengea bunduki," komanda akasema. "Huyu tunamupandisha ku milima."

Dorothée alijua kwamba waliopandishwa milimani hawakushuka. Lakini alikuwa mwalimu hasa, na akiogopa, hufundisha.

"Mon commandant, hii kitu ni ya école, ya kufundishia watoto. Haina nguvu ya kuua hata inzi. Mi nitakupimia."

Akatoa kwenye mkoba kifaa chake: kioo cha sola kutoka kikokotoo kilichokufa, kimeunganishwa kwa nyaya na mita ya sindano. Mwanga ukigonga kioo, sindano hupanda. Alitaka wanafunzi wapimie nishati ya kila pigo la leza, maana kalamu ile haikuwaka mfululizo. Ilipiga mapigo mafupi mno, jicho likayaona kama nuru moja. Akaiokota kalamu iliyomponyoka Anatole, akakiweka kifaa juu ya tanki la pikipiki. Sindano ikaruka hadi mwisho, ikagonga ukingo.

"Munaona!" komanda akapiga kelele, akirudi nyuma. "Na bado hajabonyeza!"

"Ni jua, mon commandant! Ni jua ya Mungu!"

Alijitukana kimoyomoyo; kwa kosa hilo angemkata mwanafunzi alama bila huruma. Akavua kitenge cha mabegani, akajifunika pamoja na kifaa. "Kuya uone we mwenyewe."

Komanda akasita, akawatazama vijana wake, kisha akaingiza kichwa. Mle ndani mlikuwa na giza, joto, na harufu ya ndakala, dagaa wa ziwani, waliokaangwa ambao komanda alikuwa ametoka kuwala. Dorothée akabonyeza. Sindano haikutikisika.

Hapo roho ikamuuma. Leza ilikuwa na nguvu yake. Sindano ndiyo iliyokuwa nzito, kila pigo lilipita kabla haijaamka. Kipimo kilikuwa cha uongo. Mwanafunzi ambaye angemletea jibu hilo angeondoka darasani analia.

"Ngapi?" komanda akauliza, pumzi yake shavuni.

Nje, Anatole alikuwa akilia bila aibu.

"Zéro, mon commandant," Dorothée akasema.

Komanda akatoka chini ya kitenge akicheka. "Iko zéro! Mufungue huyu kichaa, aende na madame wake."

Wakaondoka mbio. Dorothée alivumilia mpaka kona ya kwanza, kisha uvumilivu ukamwishia.

"Anatole, usikie muzuri. Haikukuwa zéro. Sindano yangu ndiyo iko polepole. Ile leza iko na nguvu, tena kila pigo, ukichukua nguvu yake mara muda wake..."

Anatole akapunguza mwendo.

"Shemeji," akasema, "barrière ingine ya askari iko pale mbele."

Dorothée akalimeza somo zima, akamshika Anatole kiunoni kwa mikono yote miwili.