Mtoto wa Kukalia Simenti

Pélagie alikuwa amepiga magoti mlangoni, anamfunga binti yake Deborah kamba za viatu, mvua ilipoanza kunyesha Kasongo. Mtaa ukasimama. Mwenye baiskeli aliisukuma hadi kwenye baraza la kwanza aliloliona, wenye pikipiki wakamfuata, na muuza maandazi akafunika beseni lake kwa plastiki akaingia kwa watu asiowajua. Wakampa kiti. Kasongo mvua ni ruhusa. Aliyezuiwa na mvua haulizwi kwa nini amechelewa, na aliyekimbilia baraza la mtu haulizwi amefuata nini. Huko barazani watu hujuana. Wapo waliopata wachumba huko, wapo waliopata wakwe, na wapo waliopata maadui wa kudumu, ambao nao ni watu wa kujuana.

Deborah alitoka akaenda shule. Matone yalifika karibu na kichwa chake, yakapinda, yakaanguka pembeni. Alipita katikati ya barabara na daftari mkononi, mkavu tangu nywele hadi soksi. Kutoka kwenye mabaraza watu walimwangalia akipita. Hakuna aliyemwita aingie, kwa sababu hapakuwa na haja.

Ilikuwa hivyo tangu walipofika kutoka Bukavu. Byamungu, mume wa Pélagie, alikuwa Salamabila akitafuta dhahabu. Alisema kambi ya wachimbaji si mahali pa kulea mtoto wa kike, Kasongo itafaa, kuna soko, kuna shule za makanisa, kuna misikiti, watu wanamwogopa Mungu kwa namna mbalimbali. Habari za mvua hakuzitaja. Mvua ya kwanza iliwakuta mama na mtoto katikati ya soko. Wote walikimbia, wao wakabaki wamesimama peke yao, wakavu, kama wezi waliokamatwa. Kesho yake jirani yao Mama Régina alimweleza Pélagie mambo yalivyo. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, wala hakuinua macho.

"Mvua ya hapa haijawajua," alisema. "Muko watu wa kuya, hamukuzaliwa hapa."

"Itatujua siku gani?"

"Mama Deborah, mimi si mvua."

Pélagie aliichukia Kasongo waziwazi, na hakujitaabisha kuficha. Alizaliwa Bukavu, kwenye mvua inayomnyeshea tajiri na kichaa sawasawa, akaona ni haki yake popote aendapo. Hapa alipata kila taabu ya mvua isipokuwa mvua yenyewe. Pikipiki zilimrushia matope, na matope hayakuwa na ubaguzi. Nguo alizoanika hazikukauka, zikanuka uvundo. Mtandao wa simu ulipotea mawingu yakikusanyika, na kumpata Byamungu kulimlazimu apande kilima nyuma ya kanisa, asimame kwa mguu mmoja juu ya jiwe. Paa la nyumba lilikuwa la mwenye nyumba, mwenyeji, kwa hiyo lilinyeshewa na kuvuja kama mapaa ya wenyeji. Maji yalitiririka kwenye unga wa muhogo, yakatiririka sakafuni, yakalizunguka godoro walilolalia wao wawili. Walikuwa wakavu katikati ya nyumba iliyolowa.

Wenyeji hawakumchukia. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi, kwa maana mtu anayekuchukia angalau amekuona. Waliona faida tu. Kitu chochote alichobeba Pélagie au Deborah hakikulowa, basi mvua ikianza, sauti zilitoka mabarazani: Deborah, kimbia nunua chumvi. Deborah, pelekea shangazi makaa haya. Deborah alikimbia, akaleta, akaambiwa aksanti, na hakuna aliyemwambia aingie barazani. Mama Régina alimsifu kwa moyo mmoja.

"Mutoto wako iko na faida kuliko mwavuli," alisema.

Pélagie alijibu kwa Kishi, lugha ya kwao, neno ambalo ni heri Mama Régina hakulielewa.

Mwaka huo Deborah aliingia darasa la sita, mwaka wa kufanya egzame, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Pélagie hakuwa na ndoto nyingine. Mtoto akifaulu, atapelekwa Bukavu kwa bibi yake aendelee na masomo, na Kasongo ibaki na mvua yake. Shule ilikuwa inajengwa upya. Kila Jumamosi wazazi walifanya salongo, kazi ya pamoja: wanaume wanachimba msingi, wanawake wanabeba mawe na maji kutoka kijito. Asiyefanya salongo mtoto wake haandikwi kwenye egzame. Sheria hiyo iliwekwa na komite ya wazazi, na direkta wa shule, Hippolyte, mtu mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, aliilinda kama andiko.

Pélagie alikwenda salongo na beseni lake. Hippolyte akamwambia arudi nyumbani apumzike, upande wake wamekwisha kuupanga. Alirudi na furaha kidogo. Alifikiri amehurumiwa kwa sababu mume wake yuko mbali, na jioni hiyo alimwambia Deborah kwamba labda watu wa hapa si wabaya sana.

Ukweli aliuona mwenyewe siku alipompelekea Deborah sweta shuleni mvua ikinyesha. Wanafunzi na walimu walikuwa wamebanana kwenye baraza refu la shule, wanacheka, wanaimba, wanakula karanga. Ng'ambo ya uwanja, kwenye chumba kipya kisicho na paa, mifuko ya simenti ilikuwa imepangwa kama kitanda, na juu yake amelala Deborah, kifudifudi, mikono na miguu ameitandaza ili afunike mifuko mingi kadiri ya uwezo wake. Mvua ilimkwepa yeye na simenti yote iliyomgusa. Mifuko ilikuwa imegusana, kwa hiyo yote ilikuwa mikavu.

Pélagie alivuka uwanja hadi mbele ya Hippolyte.

"Direkta, mutoto wangu anafanya nini kule?"

"Anachunga simenti, mama. Ni salongo yenu."

"Na watoto wengine?"

"Wengine wanalowa," alisema Hippolyte kwa upole, kama anayemfundisha mtu hesabu ndogo. "Tuliomba plastiki kwa padri, haikufika. Mutoto ndiye iko."

"Nikimutoa pale?"

"Basi salongo haiko. Na salongo ikikosa, egzame nayo, unajua. Si mimi. Ni komite."

Wazazi waliokuwa barazani waliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyeona aibu, maana hakuna aliyeona kosa. Mmoja alimpa Pélagie karanga. Alizitupa uwanjani. Wakaona ni kweli walivyosikia, kwamba watu wa Kivu, upande wa Bukavu, wana hasira.

Alipanda kilima nyuma ya kanisa, akamwambia Byamungu kila kitu kwa kelele, hata wapita njia wakajua. Byamungu alisikiliza. Nyuma yake zilisikika nyundo zikiponda mawe.

"Vumilia hadi egzame," alisema. "Huku Salamabila mvua inatunyeshea wote. Wote tuko wa kuya."

"Basi tunakuja huko."

"Pélagie. Huku hakuna masomo."

Akashuka kilima akitukana kila jiwe alilolikanyaga. Deborah aliendelea kulala juu ya simenti kila mvua iliponyesha. Hakulalamika. Mama yake alipomuuliza kama anaumia, alisema ni pagumu kidogo, lakini kutoka pale aliweza kusikia nyimbo za barazani, na sasa anazijua zote.

Jumapili moja Deborah alikuwa anaruka kamba nyuma ya nyumba, peke yake, anajihesabia. Pélagie, aliyekuwa anafua, aliacha kufua. Mtoto alikuwa anahesabu kwa Kizimba, lugha ya wenyeji. Hakuwa anajionyesha, wala hakujua kwamba anafanya hivyo. Alimwita kwa Kishi, na Deborah akajibu kwa Kiswahili cha hapa, "Niko naruka, mama, ngoja kwanza." Hapo tone moja la mvua likamwangukia mtoto katikati ya paji la uso. Deborah alilipangusa akaendelea kuruka.

Kesho yake mvua kubwa ilikuja kutoka upande wa mto Lualaba. Hippolyte alipiga filimbi, baraza likajaa, Deborah akakimbilia simenti yake kama kawaida. Mvua ikamnyeshea. Ililowesha nywele, sare, mgongo, kisha ikashuka kwenye mifuko. Alijaribu kujitandaza zaidi. Alipoona maji ya kijivu yanatoka chini ya tumbo lake, alishuka, akakimbia kama mtoto mwingine yeyote, hadi kwenye baraza.

Walimtazama. Maji yalimchuruzika puani.

"Hapa kumejaa," alisema Aimée, aliyekuwa anakaa naye dawati moja.

"Naloa," alisema Deborah.

"Wewe haulowi," wakamwambia wote, wala hawakusema kwa ubaya. Walikuwa wamemjua hivyo muda mrefu. Mwalimu wake alimtazama vizuri, akaona kweli analowa, akasema arudi uwanjani polepole asiteleze.

Alisimama uwanjani hadi mvua ikaisha. Pélagie alimkuta nyumbani anatetemeka, nguo zimemganda. Alimvua, akamsugua kwa kitenge, akamsugua tena. Hakujua kama alie au acheke. Alichokitaka kwa miaka yote kilikuwa kimekuja, na mtoto alikuwa na homa.

Homa iliisha. Simenti ikawa jiwe. Komite ilikaa, ikasema maneno makali juu ya watu wanaobadilika bila kutoa taarifa, kisha ikachangishana na kuleta mifuko mingine. Hippolyte alifika kwa Pélagie mvua ikinyesha, amelowa hadi kalamu. Alisimama nje, anasubiri kukaribishwa, kama inavyotakiwa. Pélagie alimwacha asimame kwa muda. Halafu akamwambia aingie, kwa sababu hata Bukavu mtu haachwi kwenye mvua.

Hippolyte alikaa, akajikausha uso. Alisema mtoto sasa ni kama wote, hilo ni jambo jema, hongera. Lakini simenti ni mpya, paa halijapatikana, na egzame iko karibu.

"Wewe, mvua bado haikunyeshei," alisema.

Pélagie angeweza kumpiga kwa kiti alichokalia. Alimtazama Deborah, aliyekuwa mezani na kitabu chake, anajifanya hasikii.

"Nitakuja," alisema. "Lakini mutoto wangu asimame kwenye baraza. Si kwenye ukingo. Ndani, na wengine."

Hippolyte alifikiri, akaona si ombi kubwa. Alisema atawaambia wasogee.

Mvua iliyofuata, Pélagie alipanda juu ya mifuko mbele ya shule nzima. Alilala kifudifudi akatandaza mikono na miguu, mwanamke wa makamo, kitenge kimempanda magotini. Simenti ilibaki kavu. Mvua haikupiga kelele juu yake kama ilivyopiga kwenye mabati, kwa hiyo aliweza kusikia kila neno lililosemwa ng'ambo ya uwanja. Aligeuza kichwa. Deborah alikuwa amesimama katikati ya baraza, bega kwa bega na Aimée, nywele zimelowa, anatafuna karanga.

Mtoto mdogo wa darasa la kwanza alinyoosha kidole.

"Ule mama, ni nani?"

Deborah alitazama upande wa simenti. Macho yake na ya mama yake yalikutana, au Pélagie aliona hivyo.

"Ule?" alisema. "Ni mutu wa kuya."

Kisha akasogea kidogo, kumpa nafasi mwanafunzi mmoja aliyekuwa anakuja mbio, ameloa chapachapa.