Kibao Kilichogeuza Viti

Kibao cha kwanza cha bendi kilipopigwa redioni, Kinyundo alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi la watu watatu, anabishana na kitambaa cha kijani kilichogoma kukaa kwenye kona ya mbele. Misumari ameibana mdomoni, kama fundi makochi yeyote, maana mkono mmoja unavuta kitambaa, wa pili una nyundo, na wa tatu hatukupewa. Bibi yake, mwenye karakana, alikaa mezani akikata sponji.

"Na sasa vijana wetu wa roki," akasema mtangazaji, "na wimbo wao, Nipishe Nikae! Mtunzi ni mwimbaji wao, Asali."

Kinyundo nusura ameze msumari.

Wimbo ulikuwa wake, maneno mpaka mapigo. Mapigo yalitoka kwenye nyundo hiyohiyo: mbili za haraka, moja ya kuvuta pumzi. Bendi ilifanyia mazoezi palepale karakanani kwa sababu makochi yanameza kelele, na Kinyundo ndiye mpiga dramu. Lakini siku ya kurekodi kiti cha dramu kililegea. Alikuwa chini anakikaza, mdomo umejaa misumari, meneja alipoingia na kuuliza mtunzi ni nani. Katika bendi ile, anayejibu wageni ni mwenye maikrofoni. Asali akasema, "Andika mimi." Kinyundo alipomaliza kutema misumari kiganjani, meneja alishakwenda kuchapisha kava.

Basi gita likaingia redioni, na viti vyote vya karakana vikageuka kumtazama Kinyundo. Kochi la kijani lilizunguka taratibu, likamkanyaga kidole kidogo. Stuli ya Bibi ikageuka na Bibi juu yake, mkasi mkononi.

"Kochi hili limelelewa," Bibi akasema. "Ile kona sasa iko mbele yako. Malizia."

Ikawa ndivyo mji mzima. Kila wimbo huo ulipopigwa, viti viligeuka. Kinyozi alijifunza kunyoa huku anamfuata mteja. Hakimu alisoma hukumu kaipa mahakama kisogo, na mshtakiwa akasema hajawahi kusomewa vizuri hivyo. Mume na mke waliokuwa wamenuniana, kila mtu na upande wake, walijikuta wanatazama dirisha moja, wakaanza kumsengenya jirani, wakapatana. Mwandishi wa habari za muziki, ambaye kiti chake kilikataa meza, aliandikia dirishani: gita lina moto, mwimbaji ana sauti, na kwa jumla wimbo unafaa kwa mgongo. Watu waliupenda kupita kiasi. Chai ikawa inamiminwa baada ya kiitikio.

Muuza magazeti, anayeingia kila nyumba, ndiye aliyeona kwamba viti vyote vinaelekea karakanani. Akaja na wenzake.

"Shikamoo, bibi. Viti vyetu vinamtafuta nani?"

"Marahaba. Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina watu wangu, wana miguu minne, hawatembei, hawasemi, lakini mwenye wimbo wanamjua."

"Kiti!"

"Na mwenye wimbo?"

Wakamtazama Kinyundo, wakamshika mkono mmoja mmoja. "Kumbe ni wewe, dada! Hongera sana." Wakarudi makwao wakiimba kwa furaha wimbo wa Asali.

Kinyundo akaenda kwa meneja. "Nataka jina langu kwenye kava. Sitaki kingine."

Wimbo ulikuwa unapigwa ofisini, na kiti cha meneja kilimgeukia moja kwa moja. "Naona," meneja akasema. "Hata kiti kiko upande wako. Lakini watu wameshazoea Asali. Kweli unataka kuwavurugia furaha yao?"

Asali mwenyewe alikuja na soda baridi. "Usininunie, dada. Ningefanyaje? Ulikuwa umefunga mdomo."

"Nilikuwa na misumari!"

"Ndiyo nasema."

Kinyundo akanywa soda. Ilikuwa tamu, na hilo lilimuudhi zaidi.

Lilipokuja onyesho kubwa, mchana, meneja alitaka watu wamtazame Asali peke yake. Akaweka dramu nje kabisa ya ukumbi, uani, upande wa wauza mboga, sauti ikaletwa ndani kwa waya. Viti akaagiza vifungwe sakafuni kwa boliti, na karakana iliyopewa kazi ilikuwa ya Bibi. Kinyundo ndiye aliyevifunga. Kufunga ovyo hakujui, kwa hiyo alivifunga barabara.

Wimbo ulipoanza, viti vilivuta. Boliti hazikulegea. Vikavuta tena, na ukumbi ukang'oka kidogo, ukageuka wote, kuta, jukwaa na watu, Asali akiimba bila kukosea hata neno. Wauza mboga walisogeza nyanya zao. Mlango mpana wa nyuma ya jukwaa ukaja kusimama mbele ya dramu, wazi, na watazamaji wakamwona Kinyundo kwa nyuma, juu ya bega la Asali. Wakapiga makofi mpaka mikono ikawa myekundu. Kinyundo akawapungia kijiti, akaendelea, maana kiitikio kilikuwa kinakuja.

Ukumbi haukurudi. Lango lake sasa lilitazama mtaa wa washona viatu, nao wakafurahi kupata wateja wanaosubiri. Kesho yake meneja alimtuma mchora mabango aandike upya juu ya lango. Kinyundo alipita akakuta ngazi inayumba, akaishika.

"Ahsante, mwenye wimbo," mchoraji akasema kutoka juu. "Jana nilikuwa mstari wa pili. Nilikuona vizuri kabisa."

"Sasa unaandika nini?"

"Mtunzi, Asali. Ndivyo nilivyoagizwa."

Kinyundo aliinua macho. Zilikuwa herufi za kupendeza, nyekundu, zenye kivuli cha njano.

"Hiyo L imepinda," akasema.

Mchoraji akarudisha kichwa nyuma, akaitazama. "Kweli," akasema, akainyoosha, na Kinyundo akaendelea kumshikia ngazi.