Kofia ya Mtumishi

Kila asubuhi, kabla makumbusho hayajafunguliwa, Chizuru, mtafiti wa hapo, alipita kasha baada ya kasha akifuta vioo kwa kitambaa laini. Aliipenda saa hiyo. Hapakuwa na mtu wa kumsemesha, ila deraya za samurai tu, zimekaa juu ya masanduku yao kama wageni wanaosubiri chai. Alikuwa akifuta kasha la deraya ya bwana mmoja, yenye kofia ya pembe za dhahabu, aliposikia sauti ya baba yake mlangoni.

Baba alikuwa ameahidi kuja Jumapili. Leo ilikuwa Alhamisi, naye amemlainisha mlinzi kwa tofu ya moto, jibini ya soya, kutoka dukani kwake, akaingia pamoja na Mzee Kuramochi, kinyozi, mwenzake wa kwenye bafu la mtaa. Kuramochi hakuwahi kuamini hata nusu ya maneno ya baba.

 Chizuru alikuwa amejipangia kumwambia baba ukweli Jumamosi, taratibu, baada ya chakula.

Deraya ya ukoo wao, akina Hirayanagi, ilikuwa kwenye maonyesho hayo. Kila mwezi wa tano, kwenye sikukuu ya watoto wa kiume, baba aliipanga sebuleni na kuwasimulia watoto wa jirani habari za babu mkuu aliyeongoza wapanda farasi. Kofia yake yenye pembe ilipotea vitani, alisema. Na ile kofia bapa ya chuma iliyokuwa kwenye sanduku hilohilo, mfano wa mfuniko wa sufuria? Hiyo ilikuwa ya mtumishi wake, mbeba viatu. Baba aliiacha chini ya sanduku mwaka nenda, mwaka rudi.

Chizuru ndiye aliyezichunguza zote mbili, deraya na kofia bapa. Kifuani mwa deraya palikuwa na nembo ya bwana wa ngome, na nembo hiyohiyo ilikuwa kwenye kofia. Ndivyo ngome ilivyotia alama vifaa ilivyowaazima askari wa miguu wasio na vyao. Ndani ya kofia na mabegani mwa deraya, mkono mmoja ulikuwa umeshona viraka vya kitambaa kilekile cha samawati, kwa uzi uleule. Hapakuwa na bwana na mtumishi. Palikuwa na mtu mmoja tu, askari wa miguu.

Kuramochi ndiye aliyekiwahi kibao cha maelezo cha deraya hiyo. Alikisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anayesoma matokeo ya mtihani ya mtoto wa jirani.

"Kumbe babu yenu farasi alikuwa naye," akasema. "Miguu yake miwili."

Baba alikisogelea kioo.

"Halafu kaazimwa nguo, hakurudisha. Huyo ni Hirayanagi halisi, huna haja ya kubisha. Ngazi yangu mwenyewe iko kwako tangu theluji ya mwaka juzi."

Siku nyingine baba angemjibu mawili kwa moja. Sasa masikio yalikuwa yamemwiva. Akauliza, macho yakiwa bado kwenye kioo, ni nani aliyeandika upuuzi huo.

Kibao hakikuwa na jina la mwandishi. Chizuru angeweza kumsingizia mkurugenzi. Baba angemtukana mkurugenzi njia nzima hadi nyumbani, na mambo yangeishia hapo. Alikikunja kitambaa, akakikunjua.

"Mimi, baba."

Baba akageuka. Chizuru alidhani anatafuta mlango. Lakini alikuwa anautazama ukumbi: deraya za mabwana, na dhahabu zao, zimepangwa ukutani, na hii yao peke yake katikati, chini ya taa yake, kofia bapa juu yake. Hakujua kwamba binti yake, ambaye mikutanoni hata kikohozi hukimeza, aliiombea nafasi hiyo akakataliwa, kisha akasimama akaomba tena.

"Na huyu mbeba viatu," baba akasema polepole, "kwa nini umemweka katikati?"

 Chizuru akakitia kitambaa mfukoni.

"Kwa sababu yule wa farasi nilikuwa namsikia tu, baba. Huyu nimeshika viraka vyake. Walimwazima deraya isiyomtosha, akakaa akaishonea mwenyewe, akaenda nayo vitani, akarudi. Ndiyo maana sisi tupo. Mimi najivunia kuwa wa huyu. Na jina letu hapo chini ya kibao, wangeniruhusu, ningeliandika kubwa zaidi."