Soli za Mkwe

Nazari alimdharau mkwewe Pankras, mume wa binti yake Beata, tangu siku ya posa, na viatu vya kijana huyo vikampa sababu mpya. Vilikuwa vyeusi, vya mitumba, vya mashindano ya baiskeli, soli zake ngumu kama sahani ya plastiki. Pankras aliviokota mnadani Mbinga, na tangu kampuni za watu binafsi zilipoanza kununua kahawa, alizunguka navyo vijijini juu ya baiskeli, mizani ya kuning'iniza ikimgonga mgongoni.

"Wakala!" Nazari alimwambia mkewe, Walburga. "Hajui kahawa iliyokauka wala iliyonyeshewa, naye eti wakala!"

Nazari mwenyewe alikuwa mpima kahawa wa chama cha ushirika kwa miaka kumi na tisa. Aliuma punje moja tu akakutajia siku ilizoanikwa. Sasa ghala la chama lilikuwa la popo.

Asubuhi moja Pankras akafika nyumbani kwa Nazari, kijijini Mpepai, anachechemea. Meno ya pedali yalikuwa yamezila soli zote mbili, hata dole gumba likachungulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hivyo ndivyo viatu vya kampuni?"

"Vimechoka kidogo, baba. Mchana naenda Namswea, wakulima wananingoja. Beata ameniambia kiatu hakikushindi."

Hilo lilikuwa kweli. Nazari hakuwahi kumpelekea fundi kiatu maishani mwake. Akakaa barazani, akazikwangua soli kwa msasa, akazifuta kwa petroli, akakata vipande vya tairi kuukuu. Akapaka gundi ya solusheni pande zote mbili, akaiacha mpaka ikaanza kunata kidoleni.

"Wewe ungebandika ikiwa mbichi," alisema bila kuinua macho. "Harakaharaka, kama mnavyonunua kahawa."

Pankras akacheka kwa adabu. Kicheko hicho kilimuudhi Nazari kuliko matusi. Mwanamume gani huyu, unamchoma naye anachekacheka?

Gundi peke yake isingehimili pedali, kwa hiyo akaongeza misumari midogo. Ncha zilizotokeza ndani akazikunja kwa nyundo, moja baada ya moja. Alipofika kwenye kiatu cha kulia, mbili akaziacha zimesimama, akazifunika kwa ngozi ya ndani. Hakusahau. Alitaka barabara imfundishe yule kijana kazi.

Pankras akavivaa, akapiga hatua mbili tatu. "Kama vipya, baba. Ahsante sana." Akapanda baiskeli, akaenda zake.

Siku ya tatu alirudi akiikokota baiskeli, kiatu cha kulia kikining'inia kwenye usukani, mguu umefungwa kipande cha kitenge kilicholowa damu.

Walburga akamkimbilia. "Umepatwa na nini, mwanangu?"

"Nimekanyaga mwiba, mama."

Nazari akangoja atazamwe. Pankras hakumtazama, aliinamisha macho chini, kama impasavyo mtu aliye mbele ya mkwe. Majirani walipokuja kumpa pole, akawaambia, "Lakini soli za baba zimekaa imara."

Alipoingia ndani kujinyoosha, Nazari akakitwaa kiatu, akaifunua ngozi ya ndani. Misumari miwili ilikuwa imekunjwa tayari, kwa jiwe, kishambashamba. Kumbe kijana alijua, na alikuwa amejua tangu njiani.

"Hata kukunja msumari hawezi," Nazari alinong'ona. Masikio yake yalikuwa yakiwaka moto.

"Mwiba gani unaopenya tairi?" Walburga aliuliza nyuma yake. Akamnyang'anya kiatu, akapapasa ndani. "Kwenye mizani ya chama hukuiba hata punje moja. Nilijivunia hilo kila nilipokwenda kanisani. Na Beata nikamsikitikia kwa kuolewa na bwege. Kumbe bwege nalala naye mimi."

"Walburga, nilitaka tu..."

"Shona."

Akaing'oa misumari yote, ya kulia na ya kushoto, akashona soli kwa uzi wa nailoni, mizunguko miwili. Asubuhi akampa mkwewe viatu. "Misumari haifai," alisema. "Nimeshona."

"Ahsante, baba," Pankras alijibu.

Walburga akamkaribisha kijana mezani, akammiminia uji. Bakuli la mumewe akaliweka chini, kando ya kuku, asimwambie hata "karibu."