Jozi Ishirini na Nne

Matokeo yalibandikwa kwenye mlango wa choo cha wanafunzi, maana ubao wa matangazo ulikuwa umeliwa na mchwa. Aliyetaka kuingia chooni aliomba njia, na aliyetaka kusoma alisukumwa na mlango. Mama Beseni alisukumwa mara mbili. Mara ya tatu aliuzuia kwa goti, vile anavyouzuia wa wodini mikono yote ikiwa imebeba, akateremka na kidole mpaka namba sitini na moja.

Kusoma na kuandika, tisini na mbili. Hesabu za kazi, thelathini na moja. Pembeni kabisa: Kundi la Tatu.

"Shangazi, mwanao kapata?" msichana mmoja alimuuliza kwa nyuma, akichungulia juu ya bega lake.

"Mwanangu yuko nyumbani anafua. Hii yangu."

Wasichana wawili watatu walicheka, kicheko cha hivihivi, kisicho na ubaya. Yule aliyeuliza akakiona kidole kilipoishia, akaacha kucheka, akawaambia wenzake wasogee wampishe mama atoke.

Kila aliyepokelewa chuoni pale alifanyishwa mtihani wa kupangiwa kabla ya masomo kuanza. "Huu si wa kufaulu wala kufeli," mkuu wa chuo aliwaambia siku ile, akiwa amesimama juu ya kiti ili wa nyuma wamwone. "Ni wa kutusaidia tukushauri, tujue tukuweke wapi." Kundi la Kwanza waliingia uuguzi moja kwa moja. La Pili waliingia uuguzi wakaongezewa masomo ya jioni. La Tatu walipelekwa darasa la maandalizi, mwaka mzima hesabu tupu, halafu mtihani tena.

Kwa msichana wa miaka kumi na tisa, mwaka ni mwaka tu, unakuja unapita. Mama Beseni alikuwa na thelathini na tisa, na chuo hakikupokea uuguzini mtu aliyefikisha arobaini. Tena ruhusa aliyopewa na hospitali iliandikwa "kwa masomo ya uuguzi". Maandalizi si uuguzi. Kundi la Tatu kwake halikuwa darasa, lilikuwa ukuta.

Miaka kumi na sita alikuwa mhudumu wa wodi ya watoto. Kudeki, kufua mashuka, kumwaga mabeseni, na hilo jina watoto ndio waliompa, wauguzi wakalidakia. Lakini wodi ya watoto sitini yenye wauguzi wawili haimwachi mtu na beseni lake. Taratibu, bila mtu kutoa amri, ikawa yeye ndiye anayepima dawa za maji na kugawa vidonge, na muuguzi anatia sahihi. Cheti cha sekondari alikisomea jioni, miaka minne, darasa moja na watoto wa rika la bintiye. Alipokileta, Sista Mkubwa, kiongozi wa wodi, alikibusu.

Ofisi ya mshauri wa wanafunzi ilikuwa na foleni. Orodha za mwisho zilikuwa zinafungwa saa sita mchana, na zamu yake ilipofika ilikuwa saa tano na nusu imeshapita. Mshauri alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, mwenye adabu zake. Alimwinukia, akamwambia, "Karibu mama, kaa," akalitafuta jalada lake kwenye rundo kama atafutaye kitu chake mwenyewe.

"Mama, nitakwambia ukweli, umenishangaza. Insha yako nimemsomea mke wangu. Sasa huku kwenye hesabu umepatwa na nini?"

"Na mimi nimekuja kuuliza hilohilo, mwalimu."

Akaifungua karatasi. "Tuone swali la tano. Muuguzi ana watoto kumi na wawili. Kila mtoto atahudumiwa mara mbili katika zamu, na kila mara kwa jozi mpya ya glavu. Zitatumika jozi ngapi? Umejaza mbili."

"Ndiyo."

"Kumi na mbili mara mbili ni ngapi?"

"Ishirini na nne."

"Haya. Hii mbili umeitoa wapi?"

"Stoo."

Mshauri alimtazama. Alitaka kucheka, akaona mwenzake hacheki.

"Tunapewa jozi mbili kwa zamu," Mama Beseni alisema. "Moja ya muuguzi, moja yangu. Tunaziosha tunaanika dirishani. Karatasi yenu juu imeandikwa: jibu kama uko kazini. Nikajibu kama niko kazini. Nikiandika ishirini na nne, si mtaniona sijawahi kukanyaga wodi?"

Siku moja kabla ya mtihani, Sista Mkubwa alimshika mkono kule nyuma kwenye kamba za mashuka. "Hesabu zao hizo si za darasani," alimwambia. "Wanataka kujua nani anaijua kazi. Wewe wajibu kazi." Na mbele ya swali la tano alikuwa ameinua kalamu kwa muda mrefu, ishirini na nne imemjaa kichwani, akaiona ni mtego wa kuwanasa wasiojua.

"Swali la tisa," mshauri aliendelea, na sauti ilikuwa imepungua. "Mtoto kaandikiwa kidonge kimoja mara tatu kwa siku, siku saba. Umejaza kumi."

"Ishirini na moja ndiyo ya kitabu. Kumi ndiyo tunayotoa. Nyingine mzazi anaambiwa akatafute."

"La kumi na mbili?"

"Vitanda. Watoto wawili kwa kitanda, na wakizidi watatu. Nimegawa kwa watatu."

"La kumi na nne..."

"Hilo la sindano, moja kwa kila mtoto. Hapo sisi huwa..."

Mshauri aliinua kiganja. "Hilo usinieleze." Aliinuka akaenda akaufunga mlango, akarudi kukaa, akaipanga karatasi sambamba na ukingo wa meza, akaipanga tena.

"Basi mwalimu umeona," alisema Mama Beseni. "Umeniuliza nimekujibu. Andika hapo kwamba umeniuliza."

"Mimi ni mshauri, mama. Sipimi mtu. Nashauri kutokana na kilichopimwa."

"Nipime tena basi. Hapahapa. Na kalamu sitaki, uliza kwa mdomo."

"Mtihani haurudiwi. Mashine imeshasoma." Alivuta droo, akatoa karatasi mbili, akaziweka mbele yake, moja huku moja huku. "Njia zako ni hizi. Hii ni rufaa. Unaeleza kwa maandishi kila jibu, kwa nini ulijibu hivyo, na unaandika mahali pa kazi. Kamati ikikubali, unaingia uuguzi wiki hii hii."

"Naandika sasa hivi."

"Ngoja. Kamati ni ya watu watatu. Mwenyekiti ni Mganga Mkuu wa hospitali yenu."

Mama Beseni aliirudisha kalamu mezani. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Mhudumu wa wodi ya wazazi aliwahi kusema habari ya glavu mbele ya wageni waliokuja kukagua, alisema tu, hakuandika. Siku hizi anafua nguo za watu majumbani.

"Na nisipoandika?"

"Unatia sahihi hii ya pili. Kukubali ushauri." Alimsomea, akiruka maneno ya kawaida. "Nakiri kwamba sijaweza kuzidisha na kugawanya kwa kiwango kinachotakiwa, nimeshauriwa, nimeridhika kupangiwa Kundi la Tatu." Akainua macho. "Ukiumaliza mwaka wa maandalizi, umri wako utakuwa umepita, hilo najua. Lakini ukishatia sahihi nawaandikia hospitali kwamba umejiondoa kwa heshima. Unarudi kazini kwako kesho."

"Kwenye beseni."

"Kazini, mama. Ukikataa zote mbili, nalazimika kuandika kwamba mwanafunzi amekataa kushauriwa. Na barua hiyo nayo inakwenda hukohuko." Akatazama saa ya ukutani, akaona aibu kuwa ameitazama. "Ningekuwa mwanao ningekwambia tia sahihi. Mwenye nguvu mpishe."

"Ungekuwa mwanangu nisingekuwa na haja ya kukuelezea sindano."

Nje foleni ilinong'ona, mtu akagonga mlango kidogo, akaacha. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi. Mama Beseni aliivuta rufaa karibu, akasoma mstari wa kwanza, akaivuta na ile nyingine. Bintiye alikuwa amebakiza miaka miwili ya shule. Akaishika kalamu bila kujua anaipeleka wapi.

Simu ya mshauri ikalia. Aliitazama akataka kuizima, kisha akaipokea.

"Niko na mtu... Mtoto ana homa tangu saa ngapi? Mbona hukuniambia asubuhi?" Aliinuka nusu, akakaa. "Hapana, usiende, foleni ya pale utakaa mpaka jioni. Ile chupa niliyonunua ipo? Soma inasemaje." Alisikiliza, huku akirudia polepole. "Miligramu mia na ishirini kwenye mililita tano. Kumi na tano kwa kila kilo. Sasa hiyo inakuwa ngapi? Ngoja, ngoja kwanza..." Alichukua kalamu, akaandika tarakimu pembeni mwa karatasi iliyokuwa karibu, akazikata, akaandika nyingine.

"Ana kilo ngapi?" Mama Beseni aliuliza. Neno lilimtoka kabla hajalifikiria.

Mshauri akainua macho. "Kumi na mbili. Tumempima juzi."

"Mililita saba na nusu. Wapime kwa kile kikombe cha kwenye kifuniko, si kijiko cha jikoni. Yakipita masaa sita, akiwa bado wa moto, wampe tena. Anakunywa?"

"Anakunywa?" mshauri aliuliza simuni. "Anakunywa, ndiyo."

"Anyweshwe maji kidogo kidogo. Akiacha kunywa au akilegea wampeleke, foleni au si foleni."

Mshauri alimwambia mkewe yote, neno kwa neno. "Saba na nusu. Ndiyo, nina uhakika." Akasikiliza. "Kwa sababu niko na muuguzi hapa, ndiye aliyeniambia."

Akaikata simu. Alipumua, akajipangusa shingo kwa kiganja. "Ahsante sana, mama. Mungu akuzidishie."

Saba na nusu alikuwa ameiandika kwenye pembe ya fomu ya kukubali ushauri, akaizungushia duara. Sasa aliikunja ile pembe, akapitisha ukucha juu ya mkunjo, akaichana taratibu isije ikapasuka vibaya. Kile kipande akakitia mfukoni mwa shati. Kisha akaigeuza fomu ikamwelekea Mama Beseni, akaisogeza mbele, akaweka kidole chini ya neno kugawanya.

"Tulikuwa hapa," alisema.