Tai Asiye na Taji

Kanali mstaafu Lubomir Kęska alifika kwa Teofil Wyrwas siku moja kabla ya mazishi, akavuta kiti bila kukaribishwa, akasema lililomleta kabla chai haijapoa. Kamati ya maveterani imemruhusu Teofil asimame na gwaride la heshima kwenye kaburi la kaka yake. Ila kofia yake ile ya zamani ya jeshi, hapana. Tai wa kwenye beji ya kofia ile hana taji, na Poland ya leo, mwaka wa tisini na mbili, tai wake anavaa taji. Hata alikuwa amemletea beji mpya, imefungwa kwenye karatasi laini kama peremende.

Teofil hakuigusa. Alikuwa na miaka sabini, na lilikuwa limebaki jambo moja tu la kumfanyia Hieronim. Wiki tatu nyuma, hospitalini, kaka yake alimshika mkono akamwambia, "Ukinizika, saluti nipigie wewe, mdogo wangu. Hao wengine siwajui."

Mji mzima unajua habari zao. Warusi waliwasomba wote wawili mpaka Siberia, behewa moja. Wajerumani walipowavamia Warusi, na jeshi la Wapoland likaanza kukusanywa huko kusini, Hieronim aliwahi. Teofil alikuwa hoi kwa homa ya chawa, na alipoweza kusimama, jeshi lilikuwa limeshavuka kwenda Uajemi. Akajiunga na lililofuata, lililoundwa chini ya macho ya Warusi wenyewe. Basi mmoja akapigana Italia, mwingine akafika Berlin. Waliomchagulia Teofil jeshi ni chawa, lakini chawa hawaitwi mbele ya kamati.

Tai wa jeshi hilo la pili alitolewa kichwa wazi, maana Wakomunisti hawakutaka alama ya wafalme, na askari walimwita kuku. Teofil na rafiki yake Wiktor walikata vitaji kutoka kopo la nyama wakavichomelea kwa risasi iliyoyeyushwa. Ofisa wa siasa akaviona. Teofil alipewa tupa, akasugua mpaka taji likaisha. Wiktor aliikataa tupa. Walimchukua asubuhi ileile, na mama yake alimngojea mpaka naye akaenda kaburini.

Vita vilipokwisha, serikali ya Wakomunisti ikamkumbatia Teofil na kumfuatafuata Hieronim kama mwizi. Kila Mei Teofil alipelekwa shuleni kuwasimulia watoto, kisha kwenye gwaride. Hieronim aliendesha trekta, na nishani zake zilikaa ndani ya mtungi wa unga. Gwaride likiisha tu, Teofil alikwenda moja kwa moja kwa kaka yake, akaweka kofia mezani, wakanywa, na Hieronim akauliza kama kuku ametaga. Miaka arobaini mzaha ni huohuo, na haukuwahi kuchuja. Mtu mwingine angethubutu kuusema, Hieronim angempasua.

"Wewe mwenyewe, bwana kanali, kuku huyu umemvaa miaka thelathini," Teofil alisema.

"Nilimvaa, sikatai. Nikabadilisha. Ni kazi ya dakika mbili."

"Taji nililivua wakati kulivaa ni kufa. Leo hakuna anayekufa, ndiyo nilibandike? Wiktor nitamwambia nini?"

Kanali alitazama saa yake. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Teofil zaidi. "Basi njoo bila kofia, mzee wangu. Hilo naweza kukutetea kwa wenzangu."

Wote wawili walijua maana yake. Askari wa Poland hugusa ukingo wa kofia kwa vidole viwili. Asiye na kofia hapigi saluti. Kuruta hufundishwa hivyo siku ya kwanza.

Angeweza kwenda na kofia yake wamtoe kwa nguvu, wagombane juu ya shimo lililo wazi. Angeweza kubaki nyumbani. Alipiga moyo konde akaenda kichwa wazi.

Palikuwa na manyunyu. Askari sita, umri wa wajukuu, walipiga risasi mara tatu, na kunguru wakaruka kutoka kanisani. Kanali akainua vidole viwili hadi kwenye kofia yake yenye tai mpya, na kamati yote nyuma yake. Mkono wa Teofil uliinuka wenyewe. Ulifika kifuani, ukafika shingoni, kisha akaurudisha chini kwenye mshono wa suruali na kuukandamiza kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Maji yalimtiririka kwenye upara. Hieronim akateremshwa, akipigiwa saluti na kila mtu asiyemjua.

Baadaye kanali alikuja kumpa mkono. Alisema amefurahi kuona mzee bado ana nidhamu ya kijeshi.

"Ninayo," Teofil alisema. "Kila aliyeniambia vua, nimevua."