Majani ya Juu

Du. Du. Mwanvua alikuwa ametandika kitambaa kikuukuu chini ya kinu ili majirani wasisikie mchi. Nje bado giza. Alitwanga kwa kupapasa, akijua bila kuona kwamba majani ya muhogo ya kupikia sombe yalikuwa yanapoteza sura: kwanza mikunjo, halafu madoa ya manjano, mwisho kila kitu kikawa kijani kimoja chenye majimaji.

"Mama, njo sombe?" Falone aliuliza kutoka mkekani.

"Ndiyo, njo sombe. Lala."

"Ya yale majani tulichuma jana jioni?"

Mchi ukasimama hewani.

"Falone, leo agronome akija, usimwambie kitu juu ya majani. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Asubuhi hiyo Israël, agronome, bwana shamba wa chama cha wakulima, angepita na simu yake kupima majani ya muhogo. Shamba litakaloonekana zima lingetoa miti ya muhogo ya kupanda kwa familia kumi na mbili za mtaa. Litakaloonekana gonjwa, mihogo yake ingeng'olewa yote, ichomwe. Walikubaliana hivyo kwenye mkutano kwa kunyoosha mikono. Mwanvua pia alinyoosha wake.

Lakini muhogo huu ulikuwa wa mama yake. Mwaka ule wa vita, mji wa Kindu ulipozingirwa, treni ikaacha kufika, na mtu akienda shambani hakujua kama atarudi, Mama Sifa alitoka alfajiri akarudi na miti sita ya muhogo, ameibeba mgongoni ndani ya kitenge kama mtoto mchanga. Akaipanda kati ya jiko na choo. Mwanvua alikuwa na miaka minane. Hadi leo anakumbuka sombe isiyo na mawese wala chumvi, na mama akimsukumia sahani: "Kula, miye nimeshiba." Mama Sifa hayupo tena. Muhogo wake upo, mistari kumi.

Jua lilipotoka, Israël alifika, suruali imelowa umande. Nyuma yake jirani, Mama Bernadette, panga mkononi.

"Mama Falone, nimewahi, wasije wakaniachia miti myembamba!" alisema Bernadette. Mihogo yake yote ilikufa msimu uliopita. Alikuwa na wajukuu watano nyumbani. "Shamba nimeshalilima, linangoja tu."

Israël alilaza jani kiganjani, akaliinamia na simu.

"Tuliionyesha maelfu ya picha za majani," alieleza, "mabovu na mazuri, mpaka ikajua yenyewe kutofautisha. Hata shamba likiwa la mama yangu mzazi, haitanionea haya."

Mwanvua alijifunga kitenge upya, ingawa hakikuwa kimelegea.

"Zima," alisoma Israël. Akaenda mmea wa pili. "Zima." Wa tano akainua macho. "Lakini huku juu mmechuma sana."

"Kwenu hamli sombe?" Bernadette alimdaka. "Ukimaliza muhogo, unipige na miye picha, iniambie kama magoti ni mazima!"

Israël alicheka. Mwanvua naye alicheka, akasikia kicheko chake kimechelewa.

Ugonjwa ule huanzia majani machanga, yale ya kileleni, yale yale yanayoingia chunguni. Ya chini yalikuwa yamekomaa kabla haujafika. Yalikuwa safi kweli. Simu haikukosea hata mara moja. Ilikuwa inajibu kile ilichoonyeshwa.

"Shamba ni zima!" Israël alitangaza, akaitia simu mfukoni. "Mama Bernadette, anza wewe."

Bernadette alishika shina la kwanza. Alilipapasa kwa dole gumba, taratibu, kama anayepima homa kwenye paji la uso la mtoto. Midomo yake ilikuwa inahesabu wajukuu: Paul, Hamisi, Joëlle... Akainua panga.

"Ngoja," alisema Mwanvua.

Panga likabaki juu.

"Kuna nini, Mama Falone?"

Mwanvua alitazama shamba. Aliona mistari kumi, moto, majivu. Akaona pia mgongo wa mama yake na kitenge kilichofunga miti sita. Kisha akaona miti hiyo hiyo mgongoni mwa Bernadette, ikipelekwa kwenye ardhi iliyolimwa vizuri.

Falone alikuwa amesimama mlangoni, vidole bado vya kijani. Mwanvua akamwendea, akapiga magoti, akamshika mabega.

"Mwanangu, sasa unaweza kusema. Mwambie Mama Bernadette. Jana jioni tulichuma majani gani?"

Mtoto alimtazama mama yake kwanza, apate hakika. Mwanvua akaitikia kwa kichwa.

"Yale ya juu, yenye kukunjamana na madoa ya manjano," alisema Falone.